Kolaitisi ya vidonda: sulfasalazini, mesalazini, azathioprini, sindano au kisu?

Mgonjwa akitoka chumba cha kamera ya utumbo na jibu la kolaitisi ya vidonda, huwa na maswali mawili: nitumie dawa gani, na mpaka lini? La pili lina jibu fupi: miaka mingi, pengine maisha yote. Ndiyo maana la kwanza halitaki pupa. Dawa utakayochagua leo utaishi nayo kama unavyoishi na jirani, na jirani mbaya hahamishwi kirahisi.

Tuelewane kwanza tunazungumzia ugonjwa gani. Hivi si vidonda vya tumbo vya kumeza omeprazoli na kuepuka pilipili. Kolaitisi ya vidonda hushika utumbo mpana: huanzia njia ya haja kubwa na kupanda juu bila kuruka sehemu. Mtu huharisha damu na kamasi, na haja humbana ghafla kiasi kwamba safari ya daladala inakuwa mtihani. Ndugu yake ni ugonjwa wa Crohn, ambao unaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi mwisho wa njia, huruka sehemu, hutoboa, na hubana utumbo. Ulinganisho huu ni wa kolaitisi. Mwenye Crohn asichukue majibu yote ya hapa, kwa sababu dawa mbili za mwanzo zinamsaidia kidogo sana.

Kwa muda mrefu magonjwa haya mawili yalihesabiwa kuwa ya Ulaya na Amerika Kaskazini. India ndiyo iliyovuruga hesabu hiyo. Utafiti wa nyumba kwa nyumba huko Punjab, uliochapishwa mwaka 2003, ulikuta wagonjwa wa kolaitisi ya vidonda wapatao 44 katika kila watu 100,000, kiwango kisicho mbali na cha baadhi ya nchi tajiri. Leicester nchini Uingereza, mji uliopokea maelfu ya Wahindi waliofukuzwa Uganda mwaka 1972 na wengine waliotoka Kenya, madaktari walikuta kolaitisi ni nyingi kwa watu wenye asili ya Asia Kusini kuliko kwa Wazungu wa hapo hapo. Mkondo unajirudia nchi baada ya nchi: kolaitisi hutangulia, Crohn hufuata nyuma kadiri miji inavyokua na vyakula vinavyobadilika. Sehemu kubwa ya Afrika bado iko mwanzoni mwa mkondo huo, na huku kwetu nako kolaitisi ndiyo inayoonekana zaidi ya Crohn.

Kuna sababu nyingine ya kuwa mwangalifu. Kwetu damu kwenye choo ina wengi wa kuishuku: amiba, shigela, kichocho cha tumbo kwa watu wa kando ya Ziwa Victoria, na kifua kikuu cha utumbo, ambacho hufanana na Crohn kiasi cha kuwachanganya hata wataalamu. Mgonjwa huchelewa, akipewa metronidazoli mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Anapofika kwenye kamera ugonjwa umeshapanda, na dawa nyingi zenye nguvu anazotajiwa ni za kushusha kinga, katika mazingira ambayo kifua kikuu hakijaondoka. Orodha ya dawa iliyopangwa Ulaya haiwezi kuhamishwa hivi hivi.

Vigezo

Nimeweka vinne, na kila njia nitaipitisha humo humo.

Nguvu na eneo: inafaa ugonjwa wa ukali gani, ulioshika wapi. Ufuatiliaji: inadai vipimo gani, na je, vipo unakoishi. Hatari, hasa zile zinazotuhusu watu wa ukanda huu. Mwisho, mfuko na upatikanaji: swali si kama utaimudu mwezi huu, ni kama utaikuta dukani mwezi wa saba. Kwa maoni yangu kigezo hiki cha nne hupuuzwa kliniki kuliko vyote, na ndicho kinachoamsha ugonjwa mara nyingi. Mgonjwa anaacha dawa kwa sababu imeisha, kisha anaandikiwa kali zaidi, kana kwamba ile ya kwanza ilishindwa.

Prednisoloni sijaiweka kwenye mashindano. Tangu majaribio ya madaktari Truelove na Witts mwaka 1955 inajulikana kwamba steroidi huokoa mgonjwa aliyechachamaliwa. Lakini haizuii ugonjwa kurudi. Inaonjesha utamu wa kupona, kisha inaleta kisukari, shinikizo la damu, mifupa dhaifu na uso wa mviringo. Tena mtu mwenye minyoo aina ya strongiloidi akipewa steroidi bila kutibiwa kwanza, minyoo inaweza kusambaa mwilini na kumuua. Ni dawa ya wiki chache, yenye tarehe ya kuanza kupunguzwa. Ukiona umeitumia mfululizo tangu Krismasi na sasa ni Pasaka, rudi kwa daktari uzungumzie mojawapo ya njia zifuatazo.

Sulfasalazini

*Nguvu na eneo.* Inafaa ugonjwa mdogo hadi wa wastani, na inasaidia pia mgonjwa ambaye viungo vyake huuma pamoja na tumbo. Hilo si la kushangaza, maana ilitengenezwa Sweden na Dk. Nanna Svartz kwa ajili ya baridi yabisi, kabla haijajulikana kuwa inatuliza utumbo. Ugonjwa ukishatulia, dozi ya kawaida ni gramu 2 kwa siku, yaani vidonge vinne vya miligramu 500.

*Ufuatiliaji.* Picha kamili ya damu na vipimo vya ini, hasa miezi mitatu ya mwanzo. Hivi vinapatikana hadi hospitali nyingi za wilaya.

*Hatari.* Hapa ndipo pa kukaa kidogo. Dawa hii ina salfa ndani yake. Kama uliwahi kutoka malengelenge au kuvimba baada ya Septrin au Fansidar, mwambie daktari kabla hajaandika. Pili, watu wa maeneo ya malaria, Pwani na kandokando ya maziwa, wana upungufu wa kimeng'enya cha G6PD kwa wingi kuliko wengine, na kwa mtu kama huyo sulfasalazini inaweza kuvunja chembe za damu. Kipimo chake kipo maabara kubwa. Ukikosa, angalau macho yakiwa ya njano au mkojo ukiwa mweusi kama kahawa, acha dawa na uende hospitali siku hiyo hiyo.

Usichanganye na mkojo wa rangi ya machungwa, huo ni wa kawaida. Mama mmoja aliwahi kurudi dirishani kwangu akiwa ameshika pakiti mkononi: "Daktari, nimekojoa Fanta!" Hata kanga inaweza kupata doa.

Wanaume wajue kwamba dawa hii hupunguza mbegu. Si utasa wa kudumu. Hali hurudi takriban miezi miwili hadi mitatu baada ya kuacha. Wanandoa wengi huhangaika na kumnyooshea kidole mke wakati chanzo kiko kwenye chupa ya dawa. Kwa mjamzito, kinyume chake, inatumika salama pamoja na vidonge vya foliki. Maumivu ya kichwa na kichefuchefu huwapata wengi mwanzoni, ndiyo maana dozi hupandishwa polepole.

*Mfuko na upatikanaji.* Nafuu kuliko zote, na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Mesalazini

*Nguvu na eneo.* Mwaka 1977, huko Oxford, daktari wa Bangladesh, A. K. Azad Khan, na wenzake waliigawa sulfasalazini vipande viwili na kuwapa wagonjwa kila kipande peke yake. Ikabainika kwamba kinachotibu ni kimoja tu. Salfa ni mbebaji, na ndiyo yenye usumbufu mwingi. Kipande kinachotibu ndicho mesalazini. Kwa hiyo usitegemee nguvu maradufu: kwa ukali mdogo na wa wastani hizi mbili zinakaribiana sana. Unacholipia ni kuvumilika.

Faida yake kubwa iko kwenye maumbo yake. Kama ugonjwa umeishia njia ya haja kubwa tu, kidonge cha kuweka nyuma kinafanya kazi vizuri kuliko cha kumeza, kwa sababu dawa inatua palepale penye kidonda. Ukiwa umepanda upande wa kushoto, dawa ya maji ya kupitisha nyuma pamoja na ya kumeza hushinda moja peke yake. Najua wagonjwa wetu, wanaume hasa, hawataki kusikia habari za nyuma. Wanaitikia "ndiyo daktari", kisha boksi linakaa kabatini. Ni hasara. Inawekwa usiku baada ya kwenda haja. Kidonge unakilowesha kwa maji kidogo, na ile ya maji unaipokea ukiwa umelalia ubavu wa kushoto, kisha unalala nayo. Mwangalizi pekee ni wewe.

*Ufuatiliaji.* Mdogo. Kipimo cha figo kabla ya kuanza na mara kwa mara baadaye, kwa sababu mara chache sana hudhuru figo.

*Hatari.* Chache kuliko za wenzake wote hapa. Haishushi kinga, haigusi mbegu, mjamzito anaitumia. Ya kumeza inaweza kunywewa mara moja kwa siku, jambo linalomrahisishia anayefunga Ramadhani. Wachache huharisha zaidi kwa sababu ya dawa yenyewe, wakadhani ugonjwa umeamka.

*Mfuko na upatikanaji.* Ghali kuliko sulfasalazini, na maumbo ya nyuma hayapatikani kila mji. Kabla hujaanza piga simu maduka mawili matatu uulize kama wanaleta kila mwezi. Vya kuweka nyuma visiachwe kwenye gari juani, vitayeyuka.

Azathioprini

*Nguvu na eneo.* Ni ya mgonjwa ambaye kila prednisoloni ikipunguzwa damu inarudi. Haina haraka: inachukua miezi miwili hadi mitatu kuonyesha kazi, na wengi hukata tamaa wiki ya nne.

*Ufuatiliaji.* Hapa ndipo inapokuwa ngumu. Picha ya damu na ini kila wiki au mbili mwanzoni, kisha nafasi zinaongezeka hadi kila miezi mitatu, na hakuna mwaka utakaoambiwa basi. Inaweza kushusha chembe nyeupe bila dalili yoyote mpaka homa inapokuangusha. Kama maabara iliyo karibu nawe ni safari ya siku nzima, sema hilo kliniki waziwazi. Si udhaifu, ni sehemu ya tiba.

*Hatari.* Maambukizi, kongosho kuvimba wiki za mwanzo, na ongezeko dogo la saratani ya tezi za limfu (limfoma). Huongeza pia saratani ya ngozi kwa jua, kwa hiyo mtu mwenye ualbino azungumze na daktari wake wa ngozi kabla ya kidonge cha kwanza. Anayetumia alopurinoli kwa gauti asichanganye bila daktari kujua; pamoja zinaweza kuua uboho. Wajawazito kwa kawaida huendelea nayo.

Halafu chanjo. Ya homa ya manjano ni chanjo hai, hairuhusiwi ukiwa kwenye dawa hii wala kwenye sindano za kundi linalofuata. Mfanyabiashara au dereva wa malori anayevuka mipaka achanje kabla ya kuanza, na asubiri wiki ambazo daktari atamwambia.

*Mfuko na upatikanaji.* Kidonge chenyewe bei yake si ya kutisha. Fedha huliwa na vipimo na nauli.

Sindano za kibayolojia na vidonge vipya

*Nguvu na eneo.* Kwa ugonjwa wa wastani hadi mkali ulioshinda yaliyotangulia. Infliximabu hupitishwa kwenye mshipa wiki ya 0, ya 2 na ya 6, kisha kila baada ya wiki 8. Adalimumabu unajichoma mwenyewe kila wiki mbili. Tofasitinibu ni kidonge, hakihitaji friji.

*Ufuatiliaji.* Kabla ya yote: kifua kikuu kilicholala, homa ya ini B, VVU. Infliximabu ilianza kutumika kwa Crohn nchini Marekani mwaka 1998, na kufikia 2001 ripoti za kifua kikuu kuamka kwa waliotumia zilikuwa zimekusanyika kiasi cha kuitikisa tiba nzima. Picha ya kifua peke yake haitoshi. Kuna kipimo cha ngozi au cha damu. Ukikutwa na vijidudu vilivyolala, unaanza dawa ya kuzuia kifua kikuu kwanza, na sindano inasubiri.

*Hatari.* Mbali na kifua kikuu, mkanda wa jeshi na kuganda kwa damu kwa wanaotumia tofasitinibu, ambayo pia haimfai mjamzito. Infliximabu na adalimumabu zinaweza kuendelea katika ujauzito, lakini dawa huvuka kwa mtoto, na kwetu mtoto huchomwa BCG akiwa bado wodini. Mtoto huyu asichomwe. BCG isubirishwe angalau miezi 6, na miongozo mingine inataka 12. Mama aandikishe jambo hili kwenye kadi ya kliniki kwa herufi kubwa, maana muuguzi wa zamu usiku hatajua.

*Mfuko na upatikanaji.* Ghali, hata zile za kuigiza (nakala halali za kampuni nyingine, si bandia) zilizoshusha bei. Sindano zinakaa nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo umeme wa kwenu ni sehemu ya hesabu. Kuanza kwa dozi tatu za msaada kisha kukaa mwaka bila kitu ni kubaya: mwili hutengeneza kinga dhidi ya dawa, na ukirudi inaweza kukataa au kukuletea mzio. Pata jibu la bima, kwa maandishi, kabla ya dozi ya kwanza.

Kisu

*Nguvu na eneo.* Kolaitisi haitoki nje ya utumbo mpana, hivyo utumbo huo ukitolewa wote, ugonjwa wa utumbo umekwisha, na hofu ya saratani yake karibu imeondoka nao. Hakuna dawa hapo juu inayoweza kusema hivyo. Kwa Crohn ni tofauti, hurudi mahali pengine.

*Ufuatiliaji.* Baada ya kupona, mdogo.

*Hatari.* Za upasuaji wenyewe, na huwa kubwa sana pale mgonjwa anapoletwa akiwa amebaki mifupa, baada ya miezi ya steroidi. Kisu cha kupangwa na kisu cha dharura ni vitu viwili tofauti. Baadaye utaishi na mfuko wa choo tumboni, au daktari atengeneze mfuko wa ndani kwa utumbo mwembamba, upasuaji ulioelezwa London mwaka 1978 na madaktari Parks na Nicholls. Mfuko wa ndani hukurudishia njia ya kawaida, ila choo ni mara tano au sita kwa siku, karibu nusu ya watu huupata ukivimba wakati fulani, na kwa wanawake hupunguza uwezo wa kushika mimba. Hufanywa kwa awamu, na unataka mkono uliozoea.

Kwa mwenye mfuko wa nje, joto letu linakausha: chumvi na maji ya ORS visikosekane nyumbani. Swali la udhu huwasumbua Waislamu wengi mpaka wakakataa upasuaji. Masheikh wengi humweka mtu huyu kwenye hukumu ya mwenye udhuru wa kudumu, anatawadha kwa kila swala. Muulize sheikh wako kabla, na usikae na dukuduku.

*Mfuko na upatikanaji.* Gharama kubwa mara moja, kisha mifuko kila mwezi. Ulizia bei ya mifuko mjini kwenu kabla ya kusaini.

Kwa hali yako

Ugonjwa umeishia njia ya haja kubwa: mesalazini ya kuweka nyuma, hata kama hupendi. Usirukie azathioprini.

Ugonjwa mdogo au wa wastani, huna bima, huna mzio wa salfa: sulfasalazini ni chaguo la heshima, si la maskini. Kijana wa kiume anayetafuta mtoto abadilishwe kuwa mesalazini.

Unarudi kwenye prednisoloni mara mbili kwa mwaka au zaidi: azathioprini ukiwa na maabara karibu, sindano ukiwa na bima ya uhakika, kisu cha kupangwa kama huna hata kimoja kati ya hivyo. Hilo la mwisho husemwa kwa kunong'ona, na sioni sababu. Mtu wa kijijini asiyeweza kupimwa damu anaweza kuwa salama zaidi na mfuko kuliko na kidonge kisichoangaliwa.

Choo cha damu mara sita au zaidi kwa siku, pamoja na homa, moyo kwenda mbio au damu kupungua: usichague chochote ukiwa nyumbani. Nenda ukalazwe.

Umeishi na ugonjwa miaka minane au zaidi: dawa yoyote utakayobaki nayo, omba kamera ya kuangalia saratani, hata kama tumbo limetulia.

Na kama jibu la kinyama kilichokatwa utumboni kwa kupimwa bado linasema huenda ni Crohn, huenda ni kifua kikuu: azathioprini na sindano zisubiri. Madaktari wengi, kama wafanyavyo India, huanza na dozi ya kifua kikuu, kisha hurudia kamera baada ya miezi miwili au mitatu kuona kama vidonda vimefunga.